Mama ana saratani ya mfuko wa nyongo hatua ya nne: tuuze shamba tumpeleke India?

Swali: Msomaji wa Rungwe anaandika kuhusu mama yake mwenye miaka 61. Kwa miezi mingi mama alikuwa akilalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, akawa anapewa dawa za vidonda vya tumbo. Baadaye macho yakageuka njano na mwili ukaanza kuwasha. Ultrasaundi na CT vimeonyesha uvimbe kwenye mfuko wa nyongo ulioingia kwenye ini, pamoja na madoa mengine kwenye ini lenyewe. Wameambiwa ni saratani hatua ya nne na kwamba upasuaji hauwezekani. Kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, hakijachukuliwa. Kaka mkubwa anataka kuuza shamba la parachichi ili mama aende India. Mjomba anasema aachwe apumzike. Mama mwenyewe ameambiwa tu kwamba ini limevimba. Dada huyu anauliza: kuna matibabu gani, yapi yanapatikana hapa nchini, na je, yeye na wadogo zake wakapimwe?

Jibu: Pole sana, dada, wewe na familia yote. Nianze na shamba, maana najua ndilo linalowagawa pale nyumbani. Msiliuze sasa. Sisemi hivyo kwa sababu mama hastahili gharama. Nasema hivyo kwa sababu mpaka leo hakuna anayeweza kuwaambia kama mwili wake utapokea dawa za saratani au la, na jibu la swali hilo linapatikana hapa hapa Mbeya kwa kipimo cha damu na ultrasaundi nzuri. Ugonjwa huu una mpangilio wake. Anayeruka hatua ya kwanza hupoteza pesa, na mgonjwa hupoteza wiki ambazo hazirudi.

Kwanza mwelewe kwa nini daktari wa upasuaji amekataa, ili msimwone kama aliyemtelekeza mama. Mfuko wa nyongo umelala chini ya ini, umegusana nalo, na ukuta wake ni mwembamba sana. Saratani ikianzia humo haina safari ndefu kufika kwenye ini, kwenye tezi za jirani na kwenye mirija inayopitisha nyongo kwenda utumbo. Tena haina dalili ya mapema inayoeleweka, maumivu yake yanafanana na ya vidonda vya tumbo au ya mawe kwenye nyongo. Ndiyo maana wengi wanafika kwetu wakati imeshatoka nje ya mfuko. Ikiwa bado imebaki mahali pamoja, upasuaji mkubwa wa kuondoa mfuko, kipande cha ini na tezi zake ndio unaoweza kuponya. Ikishatupa mbegu sehemu nyingine za ini, kama kwa mama, kuukata ule uvimbe wa mwanzo hakumwongezei maisha. Kunamwachia kidonda kikubwa, na wakati ambao angekuwa anapata dawa anaumaliza wodini. Kwa hiyo daktari aliyesema hapana amemtendea mama haki.

Nitasema wazi na jambo la pili, kwa sababu mmeuliza mkitaka ukweli: katika hatua hii hatuzungumzii tena kuponya. Tunazungumzia kurefusha maisha, na kuyafanya yawe maisha ambayo mama anakula, analala usiku na kuongea na wajukuu. Malengo hayo mawili yana matibabu ya kweli, na mengi yapo nchini.

Tuje kwenye manjano, maana hapo ndipo pa kuanzia. Umeandika kwamba mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai kavu na choo kimepauka. Hiyo inaonyesha nyongo haifiki kwenye utumbo, inarudi kwenye damu. Manjano ya namna hii yanaletwa na mambo mawili tofauti, na tiba zake ni tofauti. La kwanza ni mrija mkuu wa nyongo kubanwa na uvimbe, huku sehemu kubwa ya ini bado ni nzima. La pili ni ini lenyewe kujaa saratani mpaka likashindwa kazi. La kwanza tunaweza kulizibua. La pili hatuwezi kulizibua, na kumsafirisha mgonjwa kwa ajili hiyo ni kumchosha bure. Namna ya kutofautisha ni kuangalia mirija midogo iliyomo ndani ya ini: kama imetanuka, maana yake kuna kizuizi mbele. Kwa hiyo mkirudi hospitali ulizeni hivi: "Daktari, mirija ya ndani ya ini imetanuka? Na bilirubini ya mama ni ngapi?" Bilirubini ni rangi ya njano ya nyongo inayopimwa kwenye damu. Majibu hayo mawili yanaamua mengi kuliko tiketi ya ndege.

Kama imetanuka, njia ni hizi. Kuna endoskopia ya mirija ya nyongo, ambayo hospitalini mtaisikia ikiitwa ERCP: mpira mwembamba wenye kamera unapita mdomoni hadi utumbo mdogo, kisha daktari anaingiza kijibomba, yaani stenti, kwenye mrija uliobanwa. Kuna pia njia ya kupitia ubavuni, ambapo mtaalamu wa radiolojia anapitisha sindano kwenye ngozi na ini hadi kwenye mrija uliotanuka, akiongozwa na picha, kisha anaacha mpira wa kutolea nyongo au anaweka stenti kwa njia hiyo hiyo. Kwa uvimbe ulioshika juu, karibu na mlango wa ini, kama inavyotokea mara nyingi kwenye saratani hii, njia ya ubavuni huwa na nafasi nzuri zaidi. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza mwaka 2018 kufundisha madaktari wa fani hii ya tiba kwa kuongozwa na picha, na leo huko ndiko tunakoelekeza wagonjwa wengi wanaohitaji kuzibuliwa. Zamani tulikuwa tunabaki na upasuaji wa kuunganisha mrija na utumbo peke yake. Bado unafanyika, ila kwa mgonjwa aliyedhoofika ni mzigo.

Stenti za plastiki ni nafuu lakini huziba, mara nyingi ndani ya miezi michache, zikahitaji kubadilishwa. Za chuma zinadumu zaidi na bei yake iko juu. Kama kuna pesa ya kutumia hapa mwanzoni, mimi ningeitumia hapa, kuliko kwenye pasipoti. Na kabla ya sindano yoyote, damu yake ipimwe namna inavyoganda. Mtu mwenye manjano ya muda mrefu hupungukiwa vitamini K, kwa hiyo huvuja damu kirahisi, na sindano za vitamini K zinasaidia.

Safari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mgonjwa wa namna hii asipandishwe basi la usiku akiwa na homa au akiwa hajakojoa tangu asubuhi. Atulizwe kwanza Mbeya kwa dripu na antibiotiki, apewe barua ya rufaa, na hospitali inayompokea iwe imepigiwa simu na kukubali. Nimeona wagonjwa wakiteremka Kitonga wanatetemeka, ndugu wakidhani ni baridi ya gari.

Kutetemeka huko nakuomba uwafundishe wote wanaomuuguza mama. Mgonjwa ambaye nyongo yake imeziba, au aliyewekewa stenti, akipata homa na baridi kali ya kutetemeka, hiyo ni sumu ya bakteria kwenye mirija ya nyongo mpaka ithibitike vinginevyo. Kwetu mtu akitetemeka mkono unaenda moja kwa moja kwenye dawa ya mseto ya malaria. Kipimo cha malaria kifanyike, sawa, lakini kifanyike hospitali na siku hiyo hiyo, maana maambukizi haya yanaweza kumuua mtu ndani ya siku moja au mbili, ilhali yakiwahiwa kwa antibiotiki za mshipa na stenti kuzibuliwa, anarudi nyumbani.

Sasa kinyama. Mjomba wako amesema kansa ikichomwa sindano inasambaa, ndiyo maana mmesita. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, nisiibeze. Kwa mgonjwa ambaye bado anaweza kupasuliwa na kupona, sisi wenyewe tunaepuka kuchoma sindano uvimbe wa mfuko wa nyongo, kwa sababu seli zinaweza kubaki njiani. Mama hayuko kwenye kundi hilo. Kwake kinyama kinachukuliwa kwenye doa la ini, kwa ganzi ya ngozi tu, ultrasaundi ikionyesha njia, na hakibadilishi mwenendo wa ugonjwa kwa ubaya. Bila kinyama hakuna daktari makini atakayemwanzishia dawa za saratani, kwa sababu madoa kwenye ini yanaweza kuwa saratani iliyotoka kwingine kabisa, au TB, au uvimbe wa maambukizi ya muda mrefu unaofanana na saratani kwenye picha. Nimeeleza hili kwa familia nyingi, na naendelea kulisema kwa sauti kubwa: msikubali dawa za saratani bila majibu ya maabara.

Kinyama hicho hicho ombeni kipimwe pia alama ya HER2, ambayo maabara zinaifahamu kwa sababu ya saratani ya matiti. Baadhi ya saratani za mfuko wa nyongo zinayo, na kwa wagonjwa hao zipo dawa zinazoilenga. Ikikosekana, hakuna kilichoharibika.

Tuseme manjano yameshuka na kinyama kimethibitisha. Dawa zinazotumika duniani kote kama msingi ni mbili, gemsitabini na sisplatini, zinazotolewa kwa dripu. Kawaida ni mara moja kwa wiki kwa wiki mbili, ya tatu mgonjwa anapumzika, kisha mzunguko unaanza tena, kwa takribani miezi sita kama mwili unavumilia na picha zinaonyesha faida. Utafiti uliozipa dawa hizi nafasi yake ulifanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010. Ulikuwa na wagonjwa 410 wa saratani za njia ya nyongo, zaidi ya theluthi yao wakiwa wa mfuko wa nyongo. Waliopata dawa zote mbili, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.7, waliopata gemsitabini peke yake, nusu waliishi zaidi ya miezi 8.1. Namba hizi si hukumu ya mama. Wapo waliopita miaka miwili, na wapo ambao hawakufika miezi mitatu. Lakini zinatupa picha ya ukubwa wa faida: inahesabika kwa miezi.

Mwaka huo huo wa 2010 hospitali moja kubwa ya Delhi ilichapisha utafiti wa wagonjwa 81 wa saratani ya mfuko wa nyongo pekee. Waliopata gemsitabini pamoja na oksaliplatini, nusu yao walivuka miezi 9.5, na waliopata huduma ya kupunguza dalili tu, nusu walivuka miezi 4.5. Nautaja kwa sababu ya kaka yako. Kaskazini mwa India ugonjwa huu ni mwingi kuliko kwetu, na madaktari wao wana uzoefu mkubwa. Lakini dawa watakazompa mama ni hizi hizi. Hazibadiliki nguvu kwa kuvuka bahari. Kitengo cha saratani cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndicho mahali pa kuulizia kwanza, na Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, ipo kwa ushauri zaidi. Muulize mapema kama dawa zote mbili zipo stoo, maana mzunguko ukishaanza haupendi kukatikatika.

Kitu kimoja kilichoongezeka ni dawa za kuamsha kinga ya mwili, durvalumabu au pembrolizumabu, zinazoongezwa juu ya zile mbili. Katika utafiti wa durvalumabu uliochapishwa 2022, muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka ulisogea kutoka miezi 11.5 hadi 12.8. Waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa karibu robo, wakati kwenye kundi lisiloongezewa durvalumabu walikuwa kama sehemu moja ya kumi. Kwa wachache hao faida ni kubwa, sikatai. Bei yake ndiyo inayomaliza mashamba. Mtu mwenye bima inayolipa, atumie. Familia inayoishi kwa parachichi, yenye watoto shuleni, sitaishauri iuze ardhi kwa ajili hiyo, na nasema hivi nikimtazama kaka yako usoni kwa heshima zote: upendo wake kwa mama hauna haja ya kuthibitishwa kwa hatimiliki.

Nani hafai kupewa dawa hizi? Hapa ndipo tunapokosea sana kwa huruma. Mgonjwa anayeamka, anayejiogesha, anayetoka nje kuota jua, anaweza kuzivumilia. Anayekaa kitandani zaidi ya nusu ya mchana, dripu hizi zinaweza kumwondoa haraka kuliko saratani. Bilirubini ikiwa bado juu, zisubiri. Figo zikiwa dhaifu, sisplatini haifai, na daktari anaweza kufikiria mbadala kama karboplatini. Wakati wa dawa, homa ya nyuzi 38 ni ya kukimbilia hospitali usiku huo huo. Na jamani, diklofenaki ya duka la dawa iachwe kabisa: pamoja na sisplatini inaua figo. Mitishamba nayo isimame kipindi hicho. Simtukani mganga yeyote, ila ini la mama halina nafasi ya mzigo mwingine, na sisi tunashindwa kujua kilichopandisha vipimo.

Kama saratani itakua juu ya dawa hizi, ipo safu ya pili ya oksaliplatini na wenzake, yenye faida ndogo. Tuifikirie wakati huo kama bado ana nguvu. Mionzi kwa hali yake haina kazi kubwa.

Mjomba naye anahitaji jibu, maana ana hoja. Kama mama atachagua kutopata dripu, au vipimo vikikataa, hiyo haimaanishi kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Kuna tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na dalili, na ianze sasa hata kama atapata dawa za saratani. Baadhi ya hospitali za KKKT na nyingine za misheni kwenye nyanda zetu zina timu zinazomfuata mgonjwa nyumbani, ulizeni iliyo karibu nanyi. Maumivu yake yanatibika. Morfini ya maji hupewa kwa mdomo kila baada ya saa nne, kwa saa, bila kusubiri auugulie. Kwa mwenye manjano tunaanza na kiasi kidogo. Haimfanyi teja wala haiharakishi kifo ikitumika hivyo. Inafunga choo kila mara, kwa hiyo mkiandikiwa morfini bila dawa ya kulainisha choo, rudini mkaidai.

Muwasho wa manjano ni mateso ambayo watu wazima wanaona aibu kuyasema. Vidonge vya mzio mnavyonunua haviufikii. Kinachousaidia zaidi ni kuzibua nyongo; ikishindikana, zipo dawa kama kolestiramini au rifampisini. Msishtuke mkiona rifampisini mkadhani mama ana TB. Kwa baridi ya Rungwe najua mnamwogesha maji ya moto na kumfunika mablanketi mazito karibu na jiko. Joto linazidisha muwasho. Maji yawe vuguvugu, apakwe mafuta akiwa bado na unyevunyevu, avae pamba, kucha zikatwe fupi. Usiku huo huo mtaona tofauti.

Chakula apewe kidogo kidogo anachokitaka, uji, ndizi za kupika zisizojaa mafuta, mayai. Kumlazimisha kumaliza sahani hakumrudishii mwili, kunamletea kutapika na ugomvi.

Na mwambieni. Namna mnavyomficha inamwacha peke yake na hofu yake, kwa sababu anajiona kwenye kioo. Mnaweza kuanza kwa kumuuliza: "Mama, unadhani hospitali wameona nini?" Msikilizeni mpaka amalize. Halafu: "Ungependa tukueleze yote, au tuongee na daktari kwa niaba yako?" Akichagua kujua, ajue. Kuna akina mama waliosikia habari zao, wakagawa vitu vyao, wakapatanisha watoto, na wakasema wenyewe kama wanataka dripu au hawataki. Huyu ndiye mwenye mwili. Shamba pia, kama liko kwa jina lake, yeye ndiye wa kuamua.

Kuhusu gharama, kabla ya kuuza chochote pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ndiyo inayoshughulikia msamaha kwa wasiomudu, na watu wengi wanaipita bila kujua.

Swali lako la mwisho, wewe na wadogo zako. Saratani hii mara nyingi hairithiwi moja kwa moja. Wanawake wanaipata zaidi, na wagonjwa wengi wana mawe kwenye mfuko wa nyongo, lakini watu wengi sana wenye mawe hawaipati kamwe. Asiye na dalili hana sababu ya kuhangaika na vipimo, na mawe yaliyotulia kwa kawaida hayatolewi. Mwenye maumivu chini ya mbavu za kulia yanayojirudia baada ya kula apige ultrasaundi, asiendelee kumeza dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima. Na ikitokea yeyote kati yenu ametolewa mfuko wa nyongo, hata kama mpasuaji anaona ni mawe tu, mfuko huo upelekwe maabara na mfuatilie majibu mpaka myapate mkononi.